Kumtoa ndugu mahabusu Marekani: jinsi ya kutumia wakala wa dhamana bila kufilisika

Kwetu mdhamini huja mahakamani na barua ya serikali ya mtaa au hati ya shamba, akasaini, basi. Marekani dhamana ni biashara. Wakala mwenye leseni, akiwa na kampuni ya bima nyuma yake, anaiahidi mahakama kwamba mshtakiwa atahudhuria kesi, nawe unamlipa ada. Ada hiyo hairudi, hata kesi ikifutwa. Kwa hiyo wakala awe njia ya mwisho.

Hatua ya 1: Mtafute kwenye rekodi za jela

Piga simu jela ya kaunti au tafuta kwenye tovuti yake. Majina yetu hupinduliwa sana: la baba hukaa mbele, la tatu huachwa. Tarehe ya kuzaliwa nayo inaweza isikusaidie, maana wakimbizi wengi waliandikiwa Januari 1. Jaribu kila mpangilio wa majina. Ukimpata, andika namba aliyopewa jela, mashtaka, kiasi cha dhamana na tarehe ya mahakama. Akikupigia kutoka ndani, msigusie kabisa kilichotokea. Simu hizo hurekodiwa, na wakalimani wa Kiswahili wapo.

Hatua ya 2: Kama si raia, uliza kuhusu ICE kabla ya kulipa

ICE, yaani maofisa wa uhamiaji, wanaweza kuiomba jela imshikilie hadi saa 48 baada ya muda wake wa kutoka ili waje kumchukua. Ukilipa dhamana ya jinai huku ombi hilo lipo, anaweza kutolewa jela akapelekwa moja kwa moja kizuizi cha uhamiaji, na ada yako imekwenda. Ongea kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Dhamana ya uhamiaji ni kitu kingine kabisa, na pale inaporuhusiwa huanzia dola 1,500.

Hatua ya 3: Maliza njia nafuu

Akiwa bado hajafika mbele ya hakimu, mara nyingi inafaa kusubiri. Florida hufikishwa ndani ya saa 24; California ndani ya saa 48, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Asiye na uwezo hupewa wakili wa bure, naye anaweza kuomba mteja aachiwe kwa ahadi yake mwenyewe au kiasi kipunguzwe. Mpelekee wakili mapema barua ya mwajiri, mkataba wa nyumba na majina ya watoto anaowalea.

Mkiweza kuchanga kiasi chote, lipeni mahakamani wenyewe. Fedha hizo hurudi kesi ikiisha, ingawa baadhi ya majimbo hukata faini na gharama.

Kwa kesi za jimbo, Illinois ilifuta dhamana ya fedha Septemba 2023, na Kentucky, Oregon na Wisconsin haziruhusu mawakala hawa.

Hatua ya 4: Chagua wakala

Hakiki leseni yake; majimbo mengi huiweka kwenye tovuti ya idara ya bima. Ada ya kawaida ni asilimia 10: dhamana ya dola 20,000, ada dola 2,000. Tangazo la "lipa asilimia 1 tu" maana yake unatoa dola 200 leo na unabaki na deni la 1,800.

Hatua ya 5: Soma kabla ya kusaini

Hapa ndipo familia zinapoumia. Unayesaini hudhamini dola 20,000 zote, si zile 2,000. Mshtakiwa akitoroka, wewe ndiye utakayedaiwa, pamoja na gharama za kumsaka. Angalia kama nyumba au gari limewekwa rehani, kama ada italipwa upya kila mwaka kesi ikichelewa, na ni makosa gani yanampa wakala haki ya kumrudisha jela. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Kama Kiingereza kinakusumbua, piga picha kila ukurasa umtumie anayekijua, hata wakala akikuharakisha. Ondoka na nakala na risiti.

Hatua ya 6: Mlinde asikose tarehe

Kutoka jela huchukua saa kadhaa baada ya karatasi kukamilika. Akitoka, awe na tarehe ya mahakama mkononi, amwarifu wakala kila akihama, na asivuke jimbo bila ruhusa. Amwombe wakili mkalimani wa Kiswahili mapema.

Akikosa tarehe, hakimu hutoa hati ya kumkamata na dhamana hutangazwa kupotea. California kwa kawaida kuna siku 180 za kumrudisha mahakamani kabla fedha hazijadaiwa. Mpigieni wakili na wakala siku hiyohiyo; kama aliugua na ana cheti cha hospitali, hakimu anaweza kuifuta hati na kuirudisha dhamana.

Hatua ya 7: Kesi ikiisha

Omba mahakamani karatasi inayoonyesha dhamana imefungwa, mpelekee wakala, udai rehani yako. Kama ilikuwa nyumba, nenda ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti uhakikishe rehani imefutwa kwenye daftari.