Mausi Imekufa, Kazi Iendelee: Kuendesha Kishale kwa Kibodi

Msimu wa maombi ya vyuo, mausi ya steshenari yetu ilizima ghafla. Watu sita kwenye foleni, fomu ya binti mmoja imejazwa nusu, na dirisha la maombi linafungwa siku ileile. Nilibonyeza vitufe vitatu, nikaendelea na kazi mpaka jioni. Jifunze leo, mausi yako ikiwa bado nzima.

Nazungumzia Windows, na kibodi yenye vitufe vya namba upande wa kulia.

Hatua ya 1: Washa. Shikilia Alt na Shift kwa pamoja, zote za kushoto, kisha bonyeza Num Lock. Za kulia hazifanyi kazi, na hapo ndipo wengi hukwama. Kitatokea kidirisha kinachouliza kama unataka kuwasha Mouse Keys, yaani vitufe vya namba viendeshe kishale badala ya mausi. Hakikisha Yes ndiyo iliyochaguliwa, bonyeza Enter. Kisipotokea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na U, kisha tembea kwa Tab mpaka sehemu ya mausi.

Hatua ya 2: Sogeza kishale. 8 ni juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Namba za pembeni, yaani 7, 9, 1 na 3, huenda mshazari. Kishale kikigoma, tazama taa ya Num Lock: kwa kawaida inatakiwa iwe inawaka. Ukitaka kwenda mbio shikilia Ctrl. Ukitaka kunyata shikilia Shift. Namba za kuandika utazitoa kwenye mstari wa juu wa kibodi.

Hatua ya 3: Bofya. 5 ni kubofya mara moja, + ni mara mbili. Kwa kitufe cha kulia cha mausi, bonyeza - kwanza, halafu 5. Angalia sana hapa: ukishabonyeza -, kila 5 inayofuata itakuwa ya kulia mpaka ubonyeze / kurudi kushoto. Ukiona menyu zinachipuka kila unapobofya, usidhani kompyuta imeharibika, umesahau / tu.

Hatua ya 4: Buruta. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na naitumia hata mausi ikiwa nzima. Chukua mfano wa picha za pasipoti ninazopanga kwenye A4. Napeleka kishale juu ya picha, nabonyeza 0. Hapo ni kama kidole kimekandamiza mausi bila kuachia. Nagusa 6, picha inasogea kulia kidogo sana. Nagusa tena, na tena, mpaka ukingo wake ulingane na wa picha ya juu yake. Kisha nabonyeza nukta, ile iliyo kando ya 0, picha inaachiwa palepale. Mkono hautetemeki, na mkasi unapita mstari mmoja mnyoofu.

Laptopu ndogo isiyo na vitufe hivyo inahitaji kibodi ya namba ya kuchomeka kwenye USB. Mac ina njia yake: katika mipangilio ya ufikivu (Accessibility) unaweza kuruhusu Option ibonyezwe mara tano kuwasha, na 7, 8 na 9 za mstari wa juu pamoja na herufi zilizo chini yake hushika nafasi ya vitufe vya namba, I ikiwa ndiyo ya kubofya.

Kuzima kwenye Windows, rudia vilevile vitufe vitatu vya mwanzo.