Kabla hujanunua miche ya milingoti (mikaratusi), nenda shambani mwezi wa kumi

Nina kitalu cha miche Mufindi. Mvua za Novemba zikikaribia, wateja hushuka kwenye bodaboda, tunapeana salamu, "kamwene", na kinachofuata ni: "Mama, milingoti bei gani?" Siku hizi siuzi mpaka niambiwe shamba liko wapi. Wapo wanaonuna wakaenda kwenye kitalu cha mbele, na huko wanauziwa. Sawa tu.

Nauliza kwa sababu nilishakosea mwenyewe. Baba aliniachia kinyungu, kile kipande cha bondeni ambacho hata kiangazi unavuna maharage na mboga kwa unyevu wa ardhi. Bei ya nguzo ilipopanda nikakijaza milingoti. Ilikua kama imetumwa. Mwaka wa saba jirani wa bonde la chini akaja, akakaa, akanywa chai, ndipo akaniuliza kwa upole: "Mama, hivi maji umeyapeleka wapi?"

Basi anza hapo. Usichague mti kwanza. Mwezi wa kumi, nchi ikiwa imekauka kabisa, tembea shamba lote kwa miguu. Popote utakapokuta majani mabichi, matete, au udongo unaonata kwenye kiatu, weka kigingi. Hapo mlingoti haupandwi. Nyasi za kawaida hulala kiangazi, hazinywi. Mlingoti haulali: una majani mwaka mzima, unakua haraka, na mizizi yake inayafuata maji chini. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, watafiti walipanda milingoti mwaka 1969 kwenye bonde lililokuwa la nyasi. Mwaka wa tisa kijito kikakauka. Walipokuja kuikata yote, maji hayakurudi kesho yake. Ilichukua kama miaka mitano. Laiti ningelijua hilo kabla ya ile chai.

Kisha pima. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji au ukingo wa mto. Watu hukadiria kwa macho, na macho ya mwenye miche mkononi hupunja. Chukua kamba ya mita 20, ivute mara tatu. Ndani ya hizo mita 60 acha mivengi (miti yetu ya asili ya kandokando ya maji) na mikuyu ijiotee yenyewe.

Sasa ndiyo tuzungumzie mti. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani mgeni ni mbaya kwa ugeni wake. Msindano (paina) tunaoupanda zaidi umetoka Mexico, na parachichi tunalojivunia Njombe asili yake ni hukohuko, mahindi vilevile. Mbao za misindano ya Sao Hill, shamba la miti la serikali hapa Mufindi, zimeezeka nyumba nyingi nchini, na kila ubao wa msindano ni ubao ambao hakuna aliyeufuata kwenye msitu wa asili. Mlingoti ukichanua, nyuki wangu hawana habari na kwingine. Na mgeni si lazima awe amevuka bahari. Msizi ni mwenyeji wa pande za Bukoba na Uganda, lakini ulipopelekwa Amani, Usambara, mwaka 1913, ulikuja kuenea ndani ya msitu: hondohondo wanakula matunda yake na kudondosha mbegu, nao unaota kwa kasi palipokatwa miti.

Kwa hiyo uliza mbegu husafiri vipi. Ya msindano ina bawa, hupaa na upepo. Kama shamba lako linapakana na mbuga ya nyasi au msitu wa hifadhi, kila mwaka pita mpakani ung'oe vichipukizi vingali vya kung'oleka kwa mkono. Mlima Mulanje, Malawi, misindano ilitoka mashambani ikapanda mlimani kwenye makao ya mwerezi wao wa asili, na kuiondoa ni kazi ya shoka. Mwati (black wattle) ni mjanja zaidi. Ni mti mzuri, mkaa wake mkali, magome yake yanalainisha ngozi, mizizi inarutubisha udongo. Ila mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi, na moto ukipita ndio unaziamsha. Ukichoma shamba la miwati ukidhani umelisafisha, umeotesha.

Na usipande aina moja tu. Wenye umri wangu wanakumbuka mikrismasi (misaipresi) ilivyokauka: vidukari wake walionekana Malawi 1986, miaka michache baadaye wakawa Tanzania na Kenya. Aliyekuwa na mikrismasi mitupu alibaki na kuni.

Upandaji wenyewe hauna maneno mengi. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inakupa kama miche 450 kwa ekari. Chimba mashimo mapema, panda ardhi ikishalowa vizuri, chana kiriba na ukitoe (bado nakuta watu wanapanda na nailoni yake). Kama unaotesha msindano mwenyewe, changanya kwenye viriba udongo kidogo kutoka chini ya misindano mikubwa, kwa sababu mizizi yake inahitaji kuvu fulani ambao udongo wetu wa kawaida hauna. Bila hao mche unakuwa wa njano na kudumaa. Acha barabara ya moto, ule ukanda mtupu wa kuzuia moto, kuzunguka shamba na uifyeke kabla ya kiangazi kukolea.

Kama ulishakosea kama mimi, kukata hakutoshi. Msindano ukikatwa umekufa, mlingoti unachipua, na badala ya shina moja unapata manne. Kata chini kabisa, menya gome la kisiki mpaka udongoni, fukua kidogo umenye na sehemu iliyofukiwa. Kisha rudi kila baada ya wiki chache uvunje machipukizi yangali laini. Ukikosa msimu mmoja kisiki kinapata nguvu, unaanza upya. Mimi ilinichukua misimu mitatu na visiki kumi na moja bado vinanishinda.

Pale katikati ya kinyungu nimeotesha mivengi. Mwaka jana mwezi wa kumi kigingi cha chini kilikuwa na udongo unaonata, cha juu bado kikavu. Jirani ameanza tena kupanda maharage kwenye robo ya kinyungu chake, na akija kununua miche siku hizi simtozi.