Bunduki moja tu kwa safari nzima? Chukua .375

Kwa wale mnaopanga kuwinda Tanzania mkitaka bunduki moja tu ya kila kitu, kuanzia pala mpaka mbogo, chukueni .375 H&H (kaliba ya Holland & Holland), imekuwepo tangu 1912 na kwa mbogo au simba huku sheria hairuhusu kushuka chini ya .375, kwa hiyo .30-06 yako nzuri, kaliba ndogo zaidi, itaishia kwa swala na pofu tu. Kichwa cha risasi cha greni 300 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) kinatoka kwa kama mita 770 kwa sekunde, kinashuka karibu sawa na .30-06 ya greni 180, ndo maana hata swala wa mita 200 unampata. Ila kabla ya kuingia porini pigeni ncha laini (risasi inayotanuka ikigonga) na solidi (ngumu, isiyotanuka) kwenye karatasi moja, mita 100, muone kama zinatua pamoja, maana kubadilisha aina ya risasi tu kunaweza kuhamisha shabaha. Inapokwama: teke lake si la mchezo, mtu akianza kufumba macho akivuta traiga basi bora kaliba ndogo anayoimudu, mbogo aachane naye. Na digidigi jamani, solidi, ncha laini itakuachia matambara.