Kabla ya kuomba karatasi ya jeshi la akiba la Marekani irekebishwe: mambo ya kuzingatia ukiwa Moshi

Jirani yangu mmoja hapa Kiboriloni, mzee wa makamo ya baba yangu, aliniletea bahasha ya kaki iliyokaa kabatini miaka mingi. "Mwalimu, nisomee hii vizuri. Kijana anasema ni barua ya kazi tu, lakini tangu ije hajawahi kutulia."

Haikuwa barua ya kazi. Ilikuwa amri ya kumwondoa mwanawe katika jeshi la akiba la Marekani, na mstari mmoja katikati ya ukurasa ulisema ameondolewa chini ya masharti yasiyo ya heshima. Sababu: utoro wa drili, yaani yale mazoezi ya mwisho wa juma ambayo askari wa akiba hulazimika kuhudhuria.

Baada ya yule nimekaa na vijana wengine wawili wenye karatasi kama hiyo. Mmoja alikwenda kule kwa bahati nasibu ya green card. Mwingine alikuwa mwanafunzi, akaingia jeshini kupitia ule mpango wa miaka ya 2008 hadi 2016 uliochukua wageni wenye ujuzi wa lugha, Kiswahili kikiwemo. Wote walianza kwa kosa lilelile: walikimbilia fomu. Fomu ni jambo la mwisho. Kwa askari wa akiba kesi yote iko kwenye tarehe, na tarehe hazipatikani ndani ya fomu.

Anza kwa kujua karatasi uliyonayo ni ipi. Wengi wanaifahamu DD 214, lakini hiyo hutolewa mtu anapomaliza kipindi cha utumishi wa muda wote. Askari wa akiba aliyepita mafunzo ya awali anaweza kuwa nayo kwa miezi ile ya mafunzo, tena ikiwa safi kabisa, halafu miaka kadhaa baadaye amri nyingine ya ukurasa mmoja ikamwondoa kwa sifa mbaya. Ndiyo maana kijana yule alikuwa akibishana na baba yake kwamba karatasi yake haina tatizo. Alikuwa anaangalia ile ya kwanza. Aliyekuwa katika ulinzi wa jimbo, yaani National Guard, atafute fomu NGB 22.

Kama karatasi zimepotea, ziombwe kwa fomu SF 180 kutoka kituo cha kumbukumbu za watumishi kilichoko St. Louis, Missouri. Itiwe sahihi kwa mkono na tarehe, la sivyo itarudi. Usiombe cheti pekee, omba faili zima la utumishi: mahudhurio ya drili, barua za onyo, risiti za posta, nakala ya taarifa ya kusudio la kukuondoa, na faili la matibabu. Ukisikia mtu anasema kumbukumbu ziliungua, ni kweli kulikuwa na moto mkubwa pale tarehe 12 Julai 1973, ila ulichoma zaidi mafaili ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960, na baadhi ya mafaili ya jeshi la anga. Wewe uliyevaa gwanda baada ya 2001 moto huo haukuhusu.

Faili likifika, kaa nalo na kalenda. Hapa ndipo pa kutumia siku tatu, si saa moja.

Kanuni za jeshi la nchi kavu humhesabu askari wa akiba kuwa mshiriki asiyeridhisha akikosa vipindi 9 au zaidi bila ruhusa ndani ya mwaka mmoja. Tisa inasikika kama nyingi. Lakini mwisho wa juma mmoja wa drili kwa kawaida ni vipindi 4, viwili Jumamosi na viwili Jumapili. Kukosa miezi miwili kunakupa 8. Mwezi wa tatu ukichelewa kipindi kimoja tu, umefika. Yule kijana mama yake alifariki mwezi wa Novemba. Akapanda ndege, akazika, na kama ujuavyo kwetu msiba hauishi siku ya kuzika: akabaki hadi matanga, Krismasi ikamkuta, ukoo ukakaa kikao cha kihamba, yaani shamba la ukoo, akarudi Januari. Drili mbili zilikuwa zimepita na ya tatu alikuwa njiani. Kwa macho ya Kichaga alifanya wajibu wa mtoto wa kiume. Kwa macho ya karani wa kikosi alikuwa na alama 12 nyekundu.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika kila kipindi ulichokosa na tarehe yake, na mbele ya kila tarehe andika ulikuwa wapi na nini kinathibitisha. Muhuri wa pasipoti pale KIA. Tiketi ya ndege. Cheti cha kifo kutoka RITA. Barua ya usharika iliyoandika siku ya maziko. Ujumbe wa simu au baruapepe uliyomtumia sajini wako kumwomba ruhusa, hata kama hakujibu. Huo wa mwisho una uzito kuliko machozi yote utakayoyaandika, kwa sababu unaonyesha hukuwa umetoroka. Kama simu ile iliibiwa, jaribu kufungua akaunti ya zamani ya baruapepe kabla hujasema hakuna kitu.

Kisha angalia upande wao. Kikosi kinatakiwa kumwandikia askari kumjulisha utoro wake, na kabla ya kumwondoa kinatakiwa kumpa taarifa ya kusudio hilo pamoja na haki zake: kuonana na wakili, kuandika utetezi, na kama wanafikiria kumpa sifa ya masharti yasiyo ya heshima, haki ya kusikilizwa mbele ya bodi. Asipojibu kwa muda uliowekwa, huhesabiwa kuwa ameziachia haki hizo. Barua zilitumwa anwani gani? Tarehe ile ulikuwa unaishi wapi? Kama zilikwenda chumba ulichohama, hoja ipo. Lakini nisikudanganye, hoja hii inakata pande zote mbili: askari wa akiba ana wajibu wa kutoa taarifa anapohama. Atakayekusikiliza atakuuliza kama uliitoa. Jibu lako liwe tayari, na liwe la kweli.

Jambo linalofuata watu hulipita haraka, nalo ndilo linaloamua mengine: unataka nini hasa? Sifa za kuondoka kwa njia ya kiutawala, ukiacha zile za mahakama ya kijeshi, ziko ngazi tatu. Juu ni heshima kamili, katikati ni ile ya jumla chini ya masharti ya heshima, chini ni masharti yasiyo ya heshima. Wapo pia walioondolewa mwanzoni kabisa bila kupewa sifa yoyote, hao habari yao ni nyingine. Kama shida yako ni uraia wa Marekani kupitia utumishi wa jeshi, ngazi ya katikati inatosha kukurudisha mlangoni, maana sheria yao inadai utumishi uliokwisha chini ya masharti ya heshima. Na kama tayari ulipata uraia kwa njia hiyo, ujue kwamba unaweza kunyang'anywa ukiondolewa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Kwa kijana aliyekwisha kuachia pasipoti ya Tanzania hilo si jambo la kufanyia utani. Kama shida yako ni ada ya chuo kwa ule mfuko wa masomo wa baada ya Septemba 2001, ngazi ya katikati haisaidii, wanataka heshima kamili. Na kama hukuwahi kuitwa kazini muda wote, ukafanya mafunzo na drili tu, hata sifa nzuri haikupi yote anayopewa aliyekwenda Iraki. Idara ya maveterani ina vigezo vyake na huamua yenyewe.

Omba pia sababu iliyoandikwa ya kuondoka irekebishwe, pamoja na ile alama ya kurudi jeshini. Mtu anaweza kupandishwa ngazi na bado karatasi ikaendelea kusema utoro kwa kila mwajiri anayeisoma.

Mlango wa kwanza ni bodi ya mapitio ya kuachishwa, kwa fomu DD 293. Muda ni miaka 15 tangu siku ya kuondolewa. Aliyeondolewa Machi 2012 mwisho wake ni Machi 2027, na huo muda hauongezwi kwa sababu posta ilichelewa. Mlango wa pili ni bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi, kwa DD 149. Hii inataka uombe ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ila inaweza kusamehe ucheleweshaji ikiona haki inadai hivyo, na ina nguvu za kurekebisha mambo ambayo ya kwanza haiyagusi. Kila idara ya jeshi ina bodi zake. Za jeshi la nchi kavu zinahudumiwa na ofisi moja iliyoko Arlington, Virginia.

Bodi ya mapitio haiwezi kukushusha chini ya ulipo. Nalisema hili kwa sababu mzee alikuwa na hofu hiyo, "tusije tukachokoza nyuki." Hakuna nyuki. Lakini pia hakuna karatasi inayojipandisha yenyewe baada ya miezi sita. Uongo huo umezunguka kambini miaka mingi, na kijana wetu aliusubiri kama mtu anayesubiri daladala barabara iliyofungwa.

Bodi huanza kwa kudhani jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako, nawe una njia mbili: kwamba taratibu zilivunjwa, au kwamba hata kama zilifuatwa, adhabu haikulingana na kosa na mtu. Mwenye ushahidi wa zote mbili azitoe zote, kila moja na aya yake. Barua ya maelezo isizidi kurasa tatu. Mwanangu, usiwatukane makamanda wako humo ndani. Nilifuta matusi mawili kwa kalamu nyekundu na sijutii.

Kuna kundi linalotakiwa kufikiriwa kwa upana zaidi: waliopata majeraha ya akili, mshtuko wa vita, jeraha la ubongo, au waliodhalilishwa kingono wakiwa jeshini. Waraka wa wizara ya ulinzi wa Septemba 2014 ulifungua njia, na ule wa tarehe 25 Agosti 2017 ukaweka maswali manne. Je, kulikuwa na hali au tukio linaloweza kueleza kosa? Je, lilikuwepo wakati wa utumishi? Je, kweli linaeleza au kupunguza uzito wa kosa? Je, linazidi sababu za kuondolewa? Ukienda hospitali ya KCMC au Mawenzi, usirudi na cheti kinachosema tu una msongo. Mwombe daktari aandike ugonjwa, dalili zilianza lini kwa maelezo yako, na unahusianaje na kutohudhuria. Najua vijana wetu wanaona haya kuingia kliniki ya akili. Hata hivyo huzuni ya msiba peke yake si ugonjwa, na usimlazimishe daktari aifanye iwe.

Barua za tabia njema: mbili au tatu za watu wanaokujua kwa kazi, kwa mfano kiongozi wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani uliyobebea mizigo misimu minne, au mchungaji. Kumi zinazosema "ni kijana mtiifu" hazina faida. Kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe chote, na mtafsiri atie sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Matamko ya mashahidi si lazima yagongwe muhuri wa kamishna wa viapo. Sheria ya Marekani inakubali tamko lililoandikwa nje ya nchi likiwa na tarehe, sahihi, na maneno kwamba linatolewa kwa kukubali adhabu ya kusema uongo chini ya sheria za Marekani. Maneno hayo ya mwisho kuhusu sheria za Marekani yasikosekane.

Kuhusu wakili, vyama vya maveterani kama American Legion na DAV huwakilisha watu bila malipo, kuna National Veterans Legal Services Program, na vyuo vya sheria kama Yale vina kliniki za kazi hii. Andikia kadhaa, wengi watakataa kwa wingi wa kazi. Anayekuomba milioni mbili pale karibu na Mnara wa Saa kwa sababu "ana mtu ubalozini" anakuibia. Ubalozi hauamui jambo hili.

Ukiomba kwanza mapitio ya karatasi, unabaki na nafasi ya kusikilizwa ana kwa ana baadaye, mradi miaka 15 haijaisha. Ukianza na kusikilizwa, yale ya karatasi umeyapoteza. Mimi huwashauri waanze na karatasi wakiwa na muda. Siku ya kusikilizwa hufanyika kwa simu au video, na usipotokea bila kuomba iahirishwe, nafasi imekwenda. Saa tatu asubuhi ya Arlington ni saa kumi jioni Moshi wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja jioni kuanzia Novemba hadi Machi. Hiyo ndiyo saa umeme wetu hupenda kukatika. Yule kijana tulimweka kwa binamu yake mwenye sola huko Rau, simu mbili zikiwa na bando za mitandao tofauti, na mzee akakaa nje kuzuia kuku na wageni. Alihojiwa karibu saa nzima. Swali la kwanza lilikuwa tarehe ya drili ya Desemba, akalijibu bila kutazama karatasi.