Kabla hujanunua kiwanja palipokuwa na ghala la dawa

Kama unataka kiwanja karibu na ginneri ya zamani, josho lililokufa au ghala lililokuwa la dawa za pamba, soma hii kabla hujampa dalali advansi.

Hati na mipaka hayo unayajua.

Tafuta mzee aliyekuwa mlinzi au kuli wa hapo, mwenyekiti wa mtaa peke yake hatoshi. Kuli anajua mapipa yalipangwa wapi na yapi yalivuja.

Nenda wakati wa masika. Ukiona kiraka hakioti hata jani moja na kote kumefunga majani, simama hapo.

Mimi kiraka hicho nilikiona, dalali akasema ni oili ya magari, bei ilikuwa nzuri nikakubali. Tulipochimba msingi ikapanda harufu kali ya dawa na mabonge meupe kama chokaa, mafundi wakalalamika kichwa, nikawaambia wajifunge vitambaa puani tuendelee, na hapo bado sijafika kwenye kosa lenyewe. Mama jirani aliniomba kifusi ajazie uwani kwake panapotuama maji, nikampa toroli kama thelathini bure. Miezi ikapita ndo nikapeleka udongo kupimwa, ikatoka DDT, ile dawa ya zamani ya kuua wadudu. Hiyo kitu inakimbilia mafuta, inakaa kwenye yai, kwenye maziwa, hata maziwa ya mama anayenyonyesha. Nilipoenda kumwambia, kuku wake walikuwa wanaparura palepale, na yeye ameshika kisu anachambua majani ya maboga aliyoyapanda juu ya kile kifusi, na maboga ndo mazao yanayovuta sana masalia ya hiyo sumu. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, hawa watoto wamekula nini?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo pima KABLA ya jembe, chukua udongo sehemu nyingi maana sumu inakaa viraka viraka, na kifusi kisitoke hapo hata ndoo moja.

Usijidanganye eti ni zamani imeshaisha. Vikuge kule Kibaha zilifikishwa tani kama 170 za dawa kutoka Ugiriki mwaka 1986, nyingine zimeshapita muda, zikawekwa bandani mpaka banda likaanguka. Zikaondolewa 1996, lakini wataalamu walivyokuja kupima baadaye wakakuta udongo una DDT hadi asilimia 28!

Ukikuta mapipa ya zamani usiyafanye ya maji, hata uyasugue na jivu. Magunia yake usichome. Viatu viache nje, watoto wanawe kabla ya kula, na kuku wafungie bandani mpaka majibu ya udongo yatoke.