Kupima kama alkaloidi za pirolizidini zimezuia seli za ini kugawanyika

Mwenzangu maabarani aliziwekea seli retrorsini, mojawapo ya alkaloidi za pirolizidini (sumu za mimea), akazikuta zinagawanyika kama kawaida, akaamini sumu imeharibika. Sumu ilikuwa nzima; tatizo lilikuwa seli. Tuliporudia pamoja tulifuata hatua hizi.

1. Chagua seli. Usikimbilie HepG2, seli za saratani ya ini zinazokuzwa maabarani. Zinagawanyika vizuri na hazina usumbufu, lakini CYP3A4 yake, kimeng'enya cha ini kinachobadilisha kemikali, ni kidogo mno, na bila kimeng'enya hicho retrorsini haina makali. Ini lenyewe ndilo linaloigeuza kuwa kemikali inayong'ang'ania DNA na kuzifunga nyuzi zake mbili zisiachane. HepaRG zilizokomaa, aina nyingine ya seli za ini za maabara, zinavyo vimeng'enya vya kutosha, ila hazigawanyiki sana. Sasa utapima nini? Zipo HepG2 zilizoongezewa jeni ya CYP3A4, nazo zinafaa kwa jibu la haraka. Mimi natumia seli zilizotolewa moja kwa moja kwenye ini la panya wa maabara, nikizichochea zigawanyike kwa EGF (protini ya kukuza seli) na insulini. Hata hizo usizilalie: vimeng'enya vyake hushuka kila siku tangu uzipande. Weka sumu siku ya kwanza. Ukingoja zitulie vizuri, umerudi kulekule kwa HepG2.

2. Weka sumu. Anza na dozi ndogo, kisha uipandishe polepole. Seli iliyokufa haikuambii lolote kuhusu kugawanyika. Kwa kulinganisha, sahani moja ipate kiyeyushi tupu bila sumu, nyingine kolkisini, dawa inayokwamisha mgawanyiko.

3. Tia rangi. Tumia EdU, kemikali ambayo seli huiingiza kwenye DNA inaponakiliwa, kuona DNA mpya, na kingamwili ya histoni H3 (protini inayofungia DNA) yenye fosfati kuona seli zilizo katikati ya kugawanyika. BrdU, inayofanya kazi kama EdU, siitaki: kuifikia lazima uifungue DNA, mara nyingi kwa asidi, na viini hutoka vimechakaa.

4. Soma. Kolkisini huvunja nyuzi zinazovuta kromosomu, kwa hiyo seli hukwama katikati ya mgawanyiko na H3 yenye fosfati hupanda. Retrorsini huzisimamisha kabla ya hapo: H3 hubaki chini, huku baadhi ya viini vikiendelea kunakili DNA na kuvimba.

Angalizo: seli nyingi za ini la panya aliyekomaa kwa kawaida zina seti 4 za kromosomu, na baadhi zina viini viwili. Kiini kikubwa peke yake si ushahidi. Pima eneo la viini kwa ImageJ (programu ya kupima picha), ukilinganisha na sahani ya kiyeyushi ya siku hiyohiyo.