Biti ya kuviringisha kingo: anza na ya milimita 6

Kijana akiniuliza anunue biti gani ya ruta (mashine ya mkono ya kuchonga mbao) ya kuviringisha kingo, namwambia: milimita 6, yenye beringi nchani, kile kigurudumu kinachoegemea ukingo na kuiongoza biti. Hiyo namba ni nusu kipenyo cha mviringo. Ya 3 inaondoa ukali tu, nzuri kwa milango ya kabati. Ya 6 ni ya meza na vitanda. Ya 10 na kuendelea naiweka kwa mbao nene, na siiruhusu ikate yote kwa mkupuo mmoja. Napitisha mara tatu, nikishusha kidogo kidogo.

Mguu wa biti, yaani shina linaloingia kwenye mashine, uendane na mashine yako. Ruta ndogo hushika robo inchi. Kama yako inashika nusu inchi, nunua hiyo, haitetemeki sana.

Sasa kosa langu. Ubao wa milimita 18, nikataka ukingo wa nusu duara, nikachukua biti ya 9. Upande wa kwanza safi. Nikageuza ubao: beringi haina pa kuegemea, kwa kuwa ukingo umeshaliwa hadi katikati. Biti ikazama, mninga wa watu ukaharibika! Siku hizi kazi hiyo naifanya kwa gadi ya pembeni (kiongozi kinachofungwa kwenye ruta badala ya kutegemea beringi), au nachagua ya 6 pande zote ibaki milimita 6 bapa.

Kwenye ukingo wa nje sukuma ruta kinyume cha mshale wa saa. Anza na vichwa vya ubao, pale nyuzi zilipokatwa, malizia ubavuni. Ubao ukichanika pembeni, mpito wa ubavuni utafuta. Mvule, wenye nyuzi za kupishana, uende taratibu, ila usisimame: utaungua.